Kindi na chura wa kijito: mmoja hulipa kwa chakula, mwingine kwa maji

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Likizo ya mwezi wa nne nilimkuta kwao Kalinzi, kwenye miinuko iliyo nyuma ya Gombe mkoani Kigoma, ameinamia daftari la Baiolojia lenye jedwali la safu mbili. Upande mmoja kindi, upande wa pili chura. Tofauti sita alizotakiwa kutaja alishazijaza: manyoya na ngozi tupu, damu moto na damu baridi, kuzaa na kutaga, mwenye mkia na asiye na mkia, mtini na majini, mbegu na wadudu. "Mjomba," akaniambia, "sita zimetimia, ila sioni hii inahusiana vipi na ile. Nakariri tu."

Swali lake lilikuwa zuri kuliko zoezi lenyewe, na makala hii ni jibu langu kwake na kwa kila aliyewahi kukariri jedwali la namna ile. Tofauti zile sita ni matawi. Ukiyafuata mpaka kwenye shina, karibu yote yanaishia kwenye mambo mawili: ngozi ya mnyama inavyoshughulika na maji, na joto la mwili wake linatoka wapi.

Tuanze kwa kujua tunamzungumzia nani. Kindi wa Kalinzi ni wale wadogo wa mitini na vichakani ambao wanasayansi huwaweka kwenye jenasi ya Paraxerus. Mtu wa pwani atamwita kuchakuro. Chura ndiye mwenye utata, kwa sababu kwa Kiswahili jina hilo moja limebeba ukoo mzima. Yule mnene mwenye ngozi ya vipele anayekuja kula kumbikumbi chini ya taa ya barazani ni chura, yule mdogo anayeng'ang'ania jani la mgomba ni chura, na wa kijitoni naye ni chura. Ninayemsema mimi ni wa kijitoni, wa jenasi ya Amietia: kichwa kimechongoka mbele, mgongo una rangi ya udongo wenye mabaka, miguu ya nyuma mirefu imefungwa utando katikati ya vidole. Hukaa ukingoni akiwa tayari kuruka, na mara nyingi unachopata kwake ni mlio wa "chubwi" na duara linalopanuka juu ya maji. Yule wa barazani huvumilia ukavu. Huyu hauvumilii, na hapo ndipo habari yake inapoanzia.

Tulishuka kijitoni mimi na mpwa wangu asubuhi, umande haujakauka. Kijito kinapita chini ya shamba la kahawa la dada yangu, upana wake hauzidi hatua tatu, na mkuyu mmoja mkubwa umekiinamia. Baada ya kukaa kimya karibu robo saa tulimwona chura juu ya jiwe lililolowa. Nilimwambia mpwa wangu atazame koo lake. Lilikuwa linapanda na kushuka bila kukoma, kama kitambaa kinachopulizwa na upepo. Akadhani chura ana kiu, au anahema kwa hofu. Kumbe vile ndivyo anavyopumua siku zote. Chura hana mbavu zinazopanuka kama zetu, wala hana ule msuli mpana wa chini ya kifua unaovuta hewa kuingia. Anashusha sakafu ya mdomo hewa iingie kwa puani, kisha anaipandisha na kuisukuma hewa kwenye mapafu. Pampu yake ni koo.

Pampu hiyo haimtoshelezi, na ngozi inasaidia. Ngozi ya chura ni nyembamba, ina mishipa mingi ya damu karibu na uso wake, na inafunikwa na ute usiokauka. Oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji inapenya moja kwa moja, na hewa chafu inatokea hapohapo. Maji yenyewe nayo yanaingia hivyo. Chura hanywi kwa mdomo kama mbuzi au mtu. Anakaa tu mahali penye unyevu, na ngozi ya tumbo na ya mapajani inafyonza. Kwa maneno mengine, kwa chura kukaa ndiko kunywa.

Ngozi inayoingiza maji kirahisi huyatoa kirahisi vilevile. Mweke chura wa kijito juani saa sita mchana, mbali na maji, na mwili wake utakauka kwa muda mfupi mno. Kila uhuru tunaouona kwa kindi, kutembea juu ya tawi kavu, kuvuka uwanja, kulala kwenye tundu la mti lisilo na tone la maji, umetokana na ngozi iliyofungwa: tabaka gumu la juu, mafuta chini yake, manyoya yanayozuia upepo. Maji anayoyahitaji kindi huyapata kwa kiasi kikubwa ndani ya matunda na majani anayokula. Hafungwi kijitoni.

Watanzania tuna mfano mchungu wa jinsi ngozi ya chura inavyomfunga kwenye maji yake. Kwenye milima ya Udzungwa, chini ya maporomoko ya mto Kihansi, mwaka 1996 walionekana kwa mara ya kwanza na wataalamu vyura wadogo wa njano waliokuwa wakiishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale na si mahali pengine popote duniani. Mwaka 2000 mradi wa umeme ukaanza kuyachepusha maji, manyunyu yakapungua. Vinyunyizio vya kutengenezwa vikafungwa kuwaokoa, lakini idadi yao ikaja kuporomoka, na ugonjwa wa kuvu unaoharibu ngozi ya vyura ukakutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Waliobaki walikuwa wale waliopelekwa mapema kutunzwa Marekani, na vizazi vyao vimerudishwa nyumbani baadaye. Kuvu yule ameua vyura katika nchi nyingi, na silaha yake ni ileile: anapoharibu ngozi, chura hawezi tena kurekebisha maji na chumvi za mwilini, na moyo unasimama. Mamalia akiugua kuvu wa ngozi anawashwa. Chura anakufa.

Sasa tuje kwenye joto. Maneno "damu moto" na "damu baridi" yanafaa kwa kufaulu mtihani, ila yanapotosha. Mpwa wangu alilowesha mikono kwanza, nilimsisitiza hivyo, kisha akamshika chura mmoja kwa muda mfupi. "Baridi kama jiwe," akasema. Ni kweli, asubuhi ile. Chura huyohuyo akikaa kwenye dimbwi la kina kifupi mchana, damu yake inapata joto pamoja na dimbwi. Tofauti haiko kwenye damu, iko kwenye chanzo cha joto. Chura anaazima joto la jua, la maji na la jiwe alilokalia. Kindi anajitengenezea mwenyewe kwa kuchoma chakula ndani ya mwili, mchana na usiku, hata akiwa amelala, ili abaki kwenye nyuzi 37 mpaka 39 hivi.

Gharama ya moto huo ni kubwa. Mnyama anayejitengenezea joto, akiwa ametulia tu, hutumia nishati mara 5 hadi 10 au zaidi ya mnyama wa uzito uleule anayeazima. Na kindi ni mdogo, kwa hiyo ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na ujazo wa mwili, na joto linavuja haraka, kama chai ya kikombe inavyopoa kabla ya ile ya sufuria. Ndiyo maana kindi hatulii. Kuanzia jua linapochomoza yuko mbioni: huku tini, kule mbegu, hapa mdudu chini ya gome. Yule chura wa juu ya jiwe tulimwacha saa tatu asubuhi, tukarudi saa saba kupita njia, tukakuta mmoja, yumkini yeye, kwenye ufa wa pembeni ya jiwe lilelile. Tunamwita mvivu kwa kutojua. Hana moto wa kulisha, akipata panzi watatu siku hiyo inamtosha, na kukimbiakimbia kungekuwa hasara kwake.

Kutoka kwenye moto huo unaweza kuyaeleza hata meno. Mwenye tanuri lisilozimika anahitaji kuni nzuri, na kuni nzuri porini ni mbegu zenye mafuta, ambazo mti umezificha nyuma ya ganda gumu. Wakulima wa michikichi kule bondeni, upande wa Mwandiga, wanalifahamu ganda hilo. Ukimaliza kukamua mawese kwenye nyama ya nje, inabaki kokwa ya kupigwa kwa jiwe ili upate mise, ile mbegu ya ndani. Jamii ya kindi hufanya kazi hiyo kwa meno manne ya mbele, mawili juu na mawili chini. Meno haya hayaachi kukua maisha yote. Uso wake wa mbele ni mgumu, wa nyuma ni laini zaidi, kwa hiyo kila anapoguguna upande wa nyuma unalika kwanza na ncha inabaki kali. Ni patasi inayojinoa. Ndiyo maana kindi na panya huwekwa kundi moja la wagugunaji, ingawa mmoja tunamwona mzuri na mwingine tunamtegea mtego.

Chura hana shida na maganda. Ulimi wake umeshikizwa mbele ya mdomo, na sehemu ya nyuma ndiyo inayorushwa nje, ikiwa na mate yanayonata. Mdudu akishaingia hatafunwi. Chura anafumba macho na mboni zinazama kichwani, na kwa kuzama huko zinasaidia kusukuma chakula kooni. Ukimwona chura amefumba macho baada ya kunasa panzi, yumo katikati ya kumeza.

Nimependa kuliacha jambo la miguu lije baada ya hayo, kwa sababu ndilo lililomshangaza mpwa wangu kuliko yote. Mwambie mtoto ahesabu vidole. Kindi ana vidole vinne miguu ya mbele na vitano miguu ya nyuma. Chura ana vinne mbele na vitano nyuma. Hesabu ni ileile! Mpwa wangu akauliza papo hapo: basi ni ndugu?

Ni ndugu wa mbali sana, na si kwa sababu ya vidole. Hapa inabidi kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa mara kwa mara, kufanana kwa kurithi na kufanana kwa kukutana njiani. Miguu minne yenye mifupa iliyopangwa mmoja juu, miwili chini, kisha kifundo na vidole, hiyo wote wameirithi kwa babu mmoja aliyeishi takriban miaka milioni 350 iliyopita. Mtu pia ameirithi, popo pia. Lakini vinne vya mbele kila mmoja alivipata kivyake. Katika ukoo wa vyura kidole kimoja cha mbele kilipotea zamani sana. Katika ukoo wa kindi kidole gumba kilidumaa na kubaki kinundu kidogo, na ukimtazama anavyokamata tini kwa mikono miwili, vinundu hivyo bado vinamsaidia kulishikilia lisiponyoke. Namba imelingana, historia hazilingani.

Kwenye kifundo cha mguu wa nyuma ndipo kila mmoja ameonyesha ufundi wake. Kindi anaweza kukigeuza kifundo mpaka wayo uelekee nyuma, kwa hiyo anateremka mti kichwa kikiwa chini, kucha za nyuma zikiwa zimeng'ang'ania gome juu yake. Paka hawezi hivyo. Paka akipanda mti mrefu huteremka kinyumenyume kwa taabu. Chura naye, mifupa miwili ya kifundo imerefuka ikawa kama kipande cha ziada cha mguu. Ukimkunja unaona paja, muundi, kisha kipande kingine kirefu kabla ya kufika vidoleni. Mguu wenye mikunjo mingi ukinyooka kwa mara moja unarusha mwili mbali. Mifupa ni ileile ya babu mmoja, na mmoja ameifanya ndoano, mwingine ameifanya manati.

Mkia nao una kisa. Jedwali linasema chura hana mkia, lakini chura alikuwa nao. Kiluwiluwi anaogelea kwa mkia, anapumua kwa matamvua, na kwenye vijito kama vyetu hukaa kwenye vidimbwi vya pembeni, mahali ambapo nguvu ya maji imepungua, akikwangua mwani kwenye mawe. Miguu inapoota, mkia haukatiki ukaanguka kama watu wengi wanavyodhani. Mwili unaufyonza, nyama yake inakuwa chakula cha chura mchanga katika siku ambazo mdomo unabadilika na hawezi kula vizuri. Kindi yeye hauachi wake. Unampa mizani akiruka, unamfunika akilala, na akiuchezesha kwa mikupuo wenzake wanajua kuna jambo.

Kuhusu kuzaa na kutaga, sitakaa sana. Kindi huzaa watoto wachache, mara nyingi wawili, macho yakiwa bado hayajafunguka, na mama huwanyonyesha tunduni. Chura wa kijito hutaga mayai mengi yasiyo na ganda, yaliyofunikwa na utelezi, na asilimia kubwa huliwa. Ila mstari huo si mgumu kama jedwali linavyoonyesha: wale vyura wa Kihansi huzaa watoto hai, vichura vidogo kamili, bila kiluwiluwi kuogelea popote. Kinachomfanya kindi awe mamalia ni maziwa na manyoya, kuzaa peke yake hakutoshi.

Tundu lenyewe la kindi si ngome kama tunavyodhani. Kwenye milima ya Mahale, kusini zaidi kandokando ya Ziwa Tanganyika, watafiti waliripoti mwaka 1993 kisa cha sokwe jike aliyetumia kijiti kumsumbua kindi ndani ya tundu la mti mpaka akampata na kumla. Wengi wanajua sokwe wa Gombe wanavyovua mchwa kwa vijiti, jambo ambalo Jane Goodall aliliona mwaka 1960. Kuwinda kindi kwa kijiti ni habari isiyosimuliwa sana.

Kosa moja zaidi nataka kulitoa kabla sijarudi kijitoni, kwa sababu nililibeba mwenyewe kwa miaka mingi. Shuleni tulipanga samaki, amfibia, reptilia, ndege, mamalia, na tukaondoka na picha ya ngazi: chura amekwama chini, kindi amepanda. Chura si babu wa kindi, na hakukwama popote. Masalia ya kale ya jamaa wa vyura yaliyopatikana Madagascar yana umri wa miaka milioni 250 hivi, ilhali masalia ya kindi wa kwanza wanaojulikana hayazidi sana miaka milioni 35. Chura wa leo ana aina zaidi ya 7,000 za ndugu zake duniani, na kindi hawafiki hata 400. Wote wawili wameishi tangu babu yule kwa muda uleule, kila mmoja akibadilika kwa njia yake. Njia ya kindi inataka chakula kingi kila siku, na akikipata anaweza kwenda atakako. Njia ya chura inataka chakula kidogo sana, ila maji lazima yawe safi, yenye ubaridi na hewa, na yasikatike.

Ndiyo maana mti ukikatwa hawaumii sawasawa. Ukikata miti ya ukingoni, kindi anapoteza tundu na matunda, na hilo ni pigo, lakini ana miguu ya kuvuka na ngozi ya kuvumilia jua njiani. Kwa chura mambo yanaanza polepole. Kivuli kinaondoka, maji yanapata joto, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Mvua ya kwanza inashusha udongo kutoka mlimani, unajaza nafasi za katikati ya mawe ambamo viluwiluwi hujificha na kula. Sabuni ya unga inayomwagwa wakati wa kufua, na dawa ya kupulizia kahawa, vyote vinafika kwenye ngozi ileile anayonywea na kupumulia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Watu huiona kama sheria ya kuwanyima shamba. Mimi nikiwa pale juu ya jiwe niliiona kama kipimo cha kivuli.

Dada yangu ameacha mkuyu na miti mingine ya ukingoni isimame, kahawa yake inaanzia juu zaidi. Sehemu ya juu ya kijito, nje ya shamba lake, miti ilikatwa mpaka majini miaka michache iliyopita na pakalimwa. Kindi wa pale walihamia kwenye miparachichi ya majirani, na watoto wanawaona kila siku. Jioni ya siku ile nilipanda na mpwa wangu kufuata maji, giza likiingia, tukisikiliza. Kwenye sehemu iliyolimwa tulisikia nyenje peke yao. Tulipoteremka tena, mlio wa kwanza wa chura ulitokea hatua chache ndani ya kivuli cha mkuyu.